Diski mpya ni kubwa, nafasi iko wapi?

Duka langu la kompyuta liko Langoni, hapa Lamu, pale usita unapobana hadi punda wawili wenye mizigo hawapishani. Asubuhi moja aliingia dada mmoja mpiga picha, laptopu kaifunga kwa leso kama abebaye mtoto. Kazi yake ni harusi, na hasa upande wa wanawake: usiku wa kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenziwe na mabuibui yote yamewekwa kando. Picha hizo si za kuonwa na kila jicho. Diski yake ya gigabaiti 500 ilikuwa imejaa pomoni.

“Kaka, nimeagiza hii ya terabaiti moja Mombasa, imefika jana na boti ya Mokowe,” alisema, akaniwekea mezani kiboksi kisichozidi kiganja. “Nataka nikiwasha nikute kila kitu pale pale. Programu zangu, paswadi zangu, folda zangu. Na hii diski ya zamani hailali hapa.”

“Basi na wewe utakaa hapa,” nikamwambia. Akavuta stuli, akaketi.

Alichokitaka ndicho tunachokiita kukloni diski, na wengi hudhani ni kunakili faili tu kutoka hapa kwenda pale. Lau ingekuwa hivyo, angeifanya mwenyewe nyumbani. Unaweza kunakili kila folda unayoiona kwenye diski C hadi diski nyingine, ukaifunga hiyo diski mpya ndani ya kompyuta, ukabonyeza swichi, na usipate chochote ila skrini nyeusi yenye maandishi meupe yakikuambia hakuna mfumo wa kuwashia. Picha zote zimo, lakini kompyuta haijui ianzie wapi.

Sababu yake utaiona ukiifikiria nyumba ya mawe ya hapa Lamu. Mtu huingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akafika kiwandani, yaani uani, kisha ukumbi wa msana wa tini, ule wa msana wa yuu, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani. Kila chumba hufuata kingine, na mgeni hafiki ndani bila kupita nje. Diski ya kompyuta ya Windows ya miaka hii nayo ina vyumba vyake, mafundi tunaviita patisheni, na mwenye kompyuta kwa kawaida huviona kimoja tu. Cha kwanza ni kidogo, mara nyingi megabaiti 100 hivi, na ndimo mlimo faili za kuwashia. Kompyuta ikipata umeme hubisha hodi hapo kabla ya pengine popote. Cha pili ni cha megabaiti 16, hakina faili yoyote, Windows imejiwekea akiba. Cha tatu ndicho C unachokijua, chenye picha na programu. Na nyuma yake, mara nyingi, kuna cha nne cha uokoaji, kina zana za kutengenezea mfumo ukiharibika. Mbele ya vyote hivyo kuna jedwali linaloandika kila chumba kinaanzia sekta gani na kuishia sekta gani; sekta ni kipande kidogo cha diski chenye namba yake. Ukinakili faili za C pekee, umehamisha samani za chumba kimoja ukaziacha uwanjani. Daka hujalijenga, na ramani ya nyumba huna.

Kukloni ni kuhamisha nyumba nzima na ramani yake. Kuna namna mbili. Ya kwanza haijali kilichomo: husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski ya zamani, huiandika kwenye sekta ya kwanza ya mpya, kisha ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho, ziwe na kitu au ziwe tupu. Hivyo ndivyo ifanyavyo dd, programu kongwe ya Unix inayopatikana pia kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Ya pili inaujua mpangilio wa faili, kwa hiyo huuliza kwanza ni sehemu zipi zinazotumika, ikazihamisha hizo na kuziruka tupu. Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan, hufanya hivyo inapoutambua mpangilio, na isipoutambua huirudia ile namna ya kwanza. Diski ikiwa imejaa nusu tu, namna ya pili hukuokolea muda mwingi. Ya dada ilikuwa imejaa karibu yote, kwa hiyo tofauti ingekuwa ndogo.

Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja: “Na wewe utaziona picha?” Nikamgeuzia skrini. Programu ya kukloni haifungui picha. Haijui kwamba hii ni faili ya harusi na ile ni risiti ya kitambaa. Huona fungu la baiti hapa na fungu la baiti pale, hulichukua na kulitua, basi. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja unaosogea na tarakimu za asilimia. Akaridhika, ingawa kiti hakukiacha.

Kabla hata ya kuunganisha waya, kuna mambo matatu ninayoyatazama, na yote matatu yamewahi kunitia adabu.

Afya ya diski ya zamani huja mbele. Kila diski ina kumbukumbu yake ya ndani iitwayo SMART, na programu kama CrystalDiskInfo huisoma. Mimi hukimbilia mistari miwili: namba 5, inayohesabu sekta mbovu zilizokwisha badilishwa, na namba 197, inayohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazingoja. Zikiwa sifuri, endelea. Namba 197 ikiwa imepanda, au diski inagonga tik, tik, tik kama saa mbovu, usiikloni kwa namna ya kawaida hata kidogo. Programu ya kawaida ikikutana na sekta mbovu hung’ang’ania hapo hapo, inairudia na kuirudia, na diski mgonjwa hufia kwenye kung’ang’aniwa huko. Hapo natumia ddrescue, ambayo hukusanya kwanza vilivyo vizima kwa haraka, huandika kwenye faili yake ni wapi iliporuka, na huvirudia vigumu mwishoni. Hata stima ikikatika katikati, huendelea ilipoachia. Hapa kisiwani nautazama pia mstari wa 199, unaohesabu makosa ya njiani kati ya diski na bodi. Huo ukipanda, mara nyingi diski haina kosa, ubaya uko kwenye waya au kwenye meno ya kiunganishi. Chumvi ya bahari hula meno hayo polepole, na nimeona kompyuta za nyumba zinazotazama pwani zimeota kutu ya kijani mahali ambapo hazikumwagikiwa hata tone la maji.

La pili ni kufuli. Kompyuta nyingi mpya za Windows huja na diski iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa siri, kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe, na mwenye kompyuta hana habari. Kila kitu hufunguka kama kawaida kwa sababu ufunguo umehifadhiwa ndani ya bodi. Ukiikloni bila kuisimbua, mara nyingi programu haielewi kilichomo, ikalazimika kubeba kila sekta, tupu na isiyo tupu, na diski mpya inapowaka unaweza kukutana na skrini ya buluu inayodai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Ni bora kuuondoa usimbaji kwanza na kuurudisha baadaye, lakini kabla ya lolote ziandike hizo tarakimu 48 kwenye karatasi. Karatasi, si kwenye kompyuta ile ile. Nimeshaletewa laptopu ambayo ufunguo wake ulikuwa umehifadhiwa vizuri sana ndani ya diski iliyofungwa na ufunguo huo.

La tatu ni kuizima kompyuta ikazimika kweli. Windows ina tabia ya kujifanya imezimika huku imeweka sehemu ya hali yake diskini ili kesho iwake upesi. Ukiikloni katika hali hiyo, unanakili mtu aliyelala nusu usingizi, na programu kadhaa za Linux zitakataa kuigusa. Shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza kuzima, itazimika kabisa.

Sasa mwelekeo. Hapa ndipo naomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu ndipo penye msiba usio na dawa. Programu ya kukloni hukuuliza chanzo ni kipi na mwisho ni upi, kisha hufuta kila kitu kilichoko mwisho bila huruma. Ukivibadilisha, itachukua utupu wa diski mpya na kuumwagia juu ya kazi yako ya miaka. Kwenye dd tofauti ni ya herufi moja: sda ndiyo hii, sdb ndiyo ile, na herufi hizo hubadilika kulingana na diski gani imetambuliwa kwanza. Ndiyo maana mafundi hufanya mzaha kwamba dd maana yake ni mharibu diski. Mwaka wangu wa kwanza kazini niligeuza mwelekeo hivyo. Kwa bahati ilikuwa diski yangu mwenyewe, lakini rekodi za marehemu babu akisimulia safari zake za jahazi zilikuwamo, na hadi leo sijazipata. Tangu siku hiyo sichagui diski kwa herufi. Nachagua kwa namba ya bidhaa na ukubwa wake: naisoma lebo ya diski yenyewe kwa sauti, naisoma skrini kwa sauti, na zikilingana ndipo nabonyeza. Dada alinisaidia kusoma. Mteja akikaa, mtie kazini.

Tukaanza saa nne asubuhi. Diski mpya ilikuwa ndani ya kiboksi cha USB, ya zamani ndani ya laptopu, na laptopu nimeiwasha kwa flashi ya Clonezilla ili Windows yenyewe iwe imelala. Muda wa kungoja unaweza kuukisia mapema. Diski ya zamani ya sahani, izungukayo mara 5,400 kwa dakika, husoma wastani wa megabaiti 80 kwa sekunde. Gigabaiti 500 kwa kasi hiyo ni kama saa moja na dakika 45. Lakini ukichomeka kiboksi kwenye tundu la USB 2, kasi haitazidi megabaiti 35 au 40, na kazi ile ile itakula saa nne. Tundu la kasi mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani. Laptopu ina betri, kwa hiyo stima ikipotea kidogo hatuna wasiwasi; kompyuta ya mezani siikloni bila kifaa cha akiba ya umeme.

Adhuhuri ilipoadhiniwa mstari ulikuwa umefika mwisho. Nikafungua kwa bisibisi, nikaitoa ya zamani, nikaifunga mpya. Hili la kuitoa lina maana yake. Kloni kamili hubeba hata saini ya diski, ile namba ambayo Windows huitumia kuitambua. Ukiwasha na zote mbili zimeunganishwa, Windows huona pacha wawili wenye kitambulisho kimoja, na mmoja huuzima au humbadilisha saini. Akibadilishwa aliye mpya, siku ukimwasha peke yake atakukatalia. Mara ya kwanza, mpya iwake peke yake.

Ikawaka. Picha ya bandari ya machweo kwenye skrini, aikoni zimejipanga kama alivyoziacha. Dada alitabasamu, akafungua mahali panapoonyesha nafasi, uso ukamshuka.

“Kaka, bado inaniambia gigabaiti 465. Na iliyobaki ni tano. Wameniuzia bandia?”

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote, na diski husingiziwa bure. Tuanze na 465. Mwenye kiwanda huhesabu gigabaiti kwa mikumi: baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa mbili mbili, gigabaiti yake ni baiti 1,073,741,824, ila huandika jina lile lile. Kwa hiyo diski iliyoandikwa 500 huonekana 465, na iliyoandikwa terabaiti 1 huonekana 931. Hakuna aliyeiba. Wizi upo, lakini si huo: bandia za kweli ni zile flashi na diski za bei ya kutupa zinazodai terabaiti nyingi, kumbe ndani ni gigabaiti chache tu zinazojiandika juu yake zenyewe. Hizo hupimwa kwa kuzijaza na kuzisoma tena, kama H2testw inavyofanya, na diski ya dada nilikuwa nimeshaipima.

Kwa nini basi 465 na si 931? Kwa sababu kloni ni kweli mno. Tumehamisha nyumba pamoja na ramani yake, na ramani inasema C inaanzia hapa na inaishia pale. Haijui kwamba kiwanja kimekuwa mara mbili. Nusu ya pili ya diski ipo, haina mwenyewe, ni uwanja mtupu usiotajwa kwenye hati. Ukifungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, utauona, umepakwa ukanda mweusi upande wa kulia.

“Si tuubomoe ukuta tu?” akauliza. Ndiyo, na Windows ina kitufe chake, Extend Volume. Nikabonyeza mbele yake: kimefifia, hakikubali. Kati ya C na uwanja ule mtupu kimesimama chumba cha uokoaji, kile cha nne. Windows hupanua chumba kuelekea uwanja unaopakana nacho upande wa kulia tu. Mwenye msana wa yuu hawezi kuusogeza ukuta wake hadi uwanjani ikiwa chumba cha ndani kiko katikati.

Dawa ni kukihamisha chumba cha uokoaji hadi mwisho kabisa wa diski, kisha kuivuta C ijaze nafasi. Nafanya hivyo kwa GParted, programu ya bure inayowashwa kwa flashi: unakishika chumba kwa kipanya na kukisukuma kulia. Kabla ya hapo, ndani ya Windows, naandika reagentc /disable, na baada ya kumaliza reagentc /enable, ili Windows ijue zana zake za uokoaji zimehamia wapi. Mafundi wengi huikata njia fupi wakakifuta chumba hicho, wakasema hakuna akitumiaye. Mimi sipendi. Humu kisiwani siku mfumo ukiharibika na intaneti ikisuasua, chumba hicho ni mkombozi.

Zipo programu zinazofanya upanuzi huu wakati wa kukloni, na Clonezilla nayo ina chaguo la kutanua ramani kwa uwiano. Tatizo ni kwamba hutanua vyumba vyote, hata kile cha kuwashia ambacho hakihitaji chochote. Napendelea kukloni kwanza kama kilivyo, nihakikishe inawaka, ndipo niguse kuta. Kosa likitokea, nitajua limetokea wapi.

Ukitumia dd, kuna fundo jingine. Jedwali la kisasa, GPT, huwa na nakala yake ya akiba kwenye sekta za mwisho za diski. Ukikloni ndogo kwenda kubwa, nakala hiyo hujikuta katikati ya diski mpya, na baadhi ya programu hulalamika kwamba jedwali limeharibika. Halijaharibika, limeachwa njiani. Programu ya gdisk huisogeza hadi mwisho kwa amri moja.

Na kwa wenye kompyuta kongwe: jedwali la zamani, MBR, lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, huandika namba za sekta kwa biti 32. Sekta 4,294,967,296 za baiti 512 kila moja ni takriban terabaiti 2.2, na hapo ndipo kalamu yake inapoishia. Ukinunua diski ya terabaiti 4 ukaikloni MBR juu yake, karibu nusu haitatumika hata usukume kuta vipi. Lazima ulibadilishe jedwali liwe GPT. Windows ina mbr2gpt kwa kazi hiyo, ila bodi ya kompyuta nayo iwe inakubali UEFI, njia mpya ya kuwashia.

Kinyume chake, kutoka kubwa kwenda ndogo, sitakieleza hapa, ila jambo moja: diski mbili zilizoandikwa 500 si lazima zilingane hadi sekta ya mwisho. Mpya ikipungua hata kidogo, kloni ya sekta kwa sekta itakata mkia.

Ya dada ilinichukua dakika ishirini zaidi, kwa sababu chumba cha uokoaji ni kidogo na kukivuta si kazi. Alasiri alifungua tena pale penye nafasi: 930 na kitu, nusu bluu, nusu nyeupe. Akafungua folda moja, akageuza skrini upande wake, akapitisha picha mbili tatu, akaifunga. Kasi ilimshangaza kuliko nafasi, maana mpya ni SSD isiyo na sahani inayozunguka, na kwa waya wa SATA husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde.

Ikabaki diski ya zamani mezani, picha zote za kupamba zingali ndani yake vile vile. Kukloni hakutoi kitu kule kilikotoka, na hili watu hulisahau wakauza diski kuukuu kwa mia tano. Kuifuta kwa kubonyeza futa, au hata kuifomati upesi, huondoa orodha ya faili tu. Picha hubaki na hufufuliwa na mtoto yeyote mwenye programu. Diski ya sahani huandikwa sifuri toka mwanzo hadi mwisho, na mara moja inatosha. SSD hufutwa kwa amri yake maalumu, kwa sababu huficha vipande ambavyo kuandika juu hakuvifikii.

“Una nyundo?” dada akaniuliza.

Nilikuwa nayo, lakini sikumpa. Nilimwambia aiweke sandukuni mwezi mmoja. Mpaka mpya ipite siku za kujaribiwa, ile ya zamani ndiyo nakala pekee aliyonayo. Akaizungushia leso ile ile, akaitia mkobani chini ya kamera, akatoka akipisha punda mwenye mifuko ya saruji.